Ubao Uliooza Haufichwi kwa Rangi

Masika yakikaribia, watu wa pwani hupaka nyumba rangi. Kimbiji, ambako mapaa hupigwa na upepo wa chumvi kutoka baharini, si ajabu rangi hiyo kupita juu ya mbao za ukingo wa paa zilizokwisha oza. Huko ni kuyafungia maji ndani, na uozo huhamia kwenye kenchi.

Yafaa fundi achome ubao kwa ncha ya kisu. Panapodidimia, akate mpaka afikie mti mzima. Kiraka kiwe cha mninga mkavu, na ncha zake zipakwe rangi kabla ya kupigiliwa, maana hapo ndipo ubao hunywa maji zaidi.

Ndugu zetu wa Unguja wanajua gharama ya kuchelewa: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katika matengenezo. Wakubwa wanaoidhinisha fedha za rangi kwa shule na zahanati waulize kwanza kama mbao zimekaguliwa.