Uliza malisho kabla ya uzito: lainbeka chipukizi katika fantasi ya kudumu

Jirani yangu hapa Lanet, Nakuru, anafuga ng'ombe wa Borani. Ukienda kwake kununua ndama dume, hakimbilii kukuonyesha kifua na mgongo. Kwanza atakuuliza una nyasi kiasi gani na maji unayatoa wapi. Taasisi ya KALRO inayotafiti ng'ombe wa nyama iko papa hapa, kwa hiyo kila mtu mtaani ana la kusema kuhusu fahali, lakini ninayemsikiliza ni huyu mzee. Ndama mzuri akipelekwa kwenye boma kavu, anasema, utamhesabu mbavu.

Swali lake nimelipeleka mahali ambapo mwenyewe angecheka: kwenye fantasi ya futiboli ya Kimarekani. Ligi yetu ina watu 12, nusu tuko Nakuru na Nairobi, nusu wako Dallas na vitongoji vyake. Aliyeniingiza ni binamu yangu wa huko, na kwa miaka miwili ya kwanza alinipiga kila tulipokutana kwa sababu mimi nilikuwa nanunua misuli. Nikimtazama lainbeka kijana, nilitazama urefu, kilo na kasi. Yeye alikuwa akiuliza malisho.

Wakenya wengi fantasi wanaijua kupitia Ligi Kuu ya Uingereza. Kule beki alikuwa na faida timu yake isipofungwa, au yeye mwenyewe akifunga. Msimu wa 2025/26 kanuni ikabadilika. Beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya kuondosha mpira wa hatari, kuziba mashuti, kunasa pasi na kumpokonya mpinzani, anaongezwa alama 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, na wao wanahesabiwa pia mipira ya bure waliyoiwahi. Ghafla watu waliokuwa wakiwadharau viungo wakabaji wakaanza kuwatafuta kama sukari wakati wa uhaba.

Chukua wazo hilo, lifanye msingi wa nusu ya timu yako, halafu ongeza jambo moja: msimu ukiisha timu haivunjwi. Mchezaji uliyemchukua leo ni wako mpaka umuuze, umwache au astaafu. Hiyo ndiyo ligi ya kudumu. Kila mwaka, baada ya klabu za NFL, ligi yenyewe ya huko, kugawana vijana wa vyuo mwishoni mwa Aprili, sisi nasi tunafanya drafti yetu ya chipukizi. (Si ile drafti ya vizibo vya soda chini ya mwembe, ingawa kelele ni zile zile.)

Lainbeka ni nani? Ulinzi una watu 11. Mbele kabisa wanasimama majitu wanaosukumana kifua kwa kifua, na nyuma kabisa wako wenye mbio wanaolinda pasi ndefu. Lainbeka yuko katikati. Nakuru ni mji wa raga, wenye klabu yake na mashindano yake ya Prinsloo, kwa hiyo nitasema hivi: mfikirie flanka, yule wa jezi namba 6 au 7, ambaye skramu ikivunjika tu anamfuata mwenye mpira na kumlaza chini. Kila akimlaza, sisi tunahesabu. Katika ligi yetu ukimwangusha mtu peke yako ni alama 2, ukisaidiana na mwenzako ni 1, na ukimwangusha kwotabeka, yule mrusha pasi, kabla hajarusha mpira unaongezwa 4. Sasa piga hesabu. Lainbeka aliyeangusha 70 peke yake na kusaidia 50 ana alama 190. Mshambulizi wa pembeni, yule mlinzi wa mbele anayemkimbilia kwotabeka, ambaye magazeti yanamsifu kwa kuwaangusha makwotabeka mara 10, lakini kwa msimu mzima ana miangusho 30 ya peke yake na 10 ya kusaidiana, ana 110. Mmoja anapata sifa, mwingine anakushindia ligi.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni wingi, na wingi hutokana na kuwapo uwanjani. Hapa ndipo sisi wanunuzi wa misuli tunapopotea, na njia yetu ya kupotelea hupitia Indianapolis. Tangu 1987 majaribio makubwa ya vijana wa vyuo hufanyika katika mji huo. Wanapimwa urefu, wanaruka, wanakimbia yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Mwaka 2020 Isaiah Simmons wa Clemson alizikimbia kwa sekunde 4.39, kasi ambayo kwa mtu wa mwili wake ilitia watu wazimu. Chuoni alikuwa amecheza karibu kila nafasi ya ulinzi, na tuliichukulia hiyo kuwa sifa. Arizona wakamchukua wa 8. Msimu wake wa kwanza alikaa benchi zaidi ya alivyocheza, kwa kuwa klabu haikuwa imeamua yeye ni nani hasa. Agosti 2023 walimpeleka New York Giants kwa chaguo la raundi ya saba, raundi ya mwisho kabisa. Mtu wa kila mahali alikosa mahali.

Mkenya naye alipita mji huo huo. Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga aliyecheza Afrika Kusini na New Zealand, mrefu kukaribia mita 2, mwenye kilo zaidi ya 110. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili kama lainbeka wa nje, ilhali alikuwa hajawahi kucheza mchezo huo hata siku moja. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani katika mechi rasmi. Hapa nyumbani tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini alichopewa kilikuwa kazi ya vikosi maalum, wale wanaotoka wakati mpira unapigwa kwa mguu, na huko mwenye timu ya fantasi haambulii kitu. Mwaka 2015 Colts wakaachana naye. Sisemi hakuwa na uwezo. Lainbeka husoma mchezo kabla haujatokea: anaangalia mguu wa jitu la mbele umeelekea wapi, anajua pengo litafunguka upande gani. Kijana wa Texas anaanza kuyasoma hayo akiwa darasa la tatu.

Basi unauliza nini badala ya kilo? Mimi nauliza kwanza kama kijana atabaki uwanjani pale timu inapotoa watu. Siku hizi ulinzi mwingi humtoa lainbeka mmoja na kuingiza beki wa tano, kwa sababu pasi zimezidi mbio. Wanaobaki ni wawili, pengine mmoja. Chipukizi ambaye ni wa tatu katika orodha atakupa miangusho 2 kwa mechi na majonzi. Kwa hiyo natazama chuoni alikuwa akifanya nini pasi zilipotarajiwa: alikuwa anakimbia na wapokeaji, au alikuwa anatolewa akanywe maji?

Kuna pia nukta ya kijani. Tangu 2008 NFL inaruhusu mchezaji mmoja wa ulinzi kuwa na redio ndani ya kofia yake, na kofia hiyo hubandikwa nukta ya kijani ili waamuzi waitambue. Kocha anamwambia mpango, yeye anawagawia wenzake, na mawasiliano yanakatwa saa ya kuhesabia mchezo ikibakisha sekunde 15. Mwenye redio hatolewi ovyo. Ukisikia kocha akisema chipukizi wake ameanza kufundishwa kupanga wenzake, amka, hata kama ni usiku. Ni ishara nzuri, ingawa si sharti.

Halafu jina la nafasi. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda, alizaliwa Indianapolis hiyo hiyo. Giants walimchukua wa 32 mwaka 2006 kama mshambulizi wa pembeni. Mwaka uliofuata wakamgeuza lainbeka, akavunjika mguu msimu haujaisha, baadaye wakamrudisha mbele, kisha mwaka 2011 akawa lainbeka tena. Klabuni hilo halikuwa tatizo, maana ana pete mbili za ubingwa. Kwenye fantasi, mtu wa namna hiyo anakuvuruga. Mfumo wa kompyuta ukimwita lainbeka ilhali kazi yake ni kumkimbilia kwotabeka, unakuwa umejaza nafasi ya mtu wa miangusho 120 kwa mtu wa 40. Micah Parsons aliingia Dallas mwaka 2021 kama lainbeka, akamaliza msimu na makwotabeka 13 chini, na kila mtu akajua kazi yake iko mbele. Soma kazi, usisome lebo.

Kipimo cha yote haya nakiona katika drafti moja ya Colts. Mwaka 2018 walichukua lainbeka wawili ambao nimewafuatilia kuliko ndugu zangu wengine. Wa kwanza ni Darius Leonard, ambaye baadaye aliomba aitwe Shaquille, kutoka chuo kidogo cha South Carolina State, chaguo la 36. Kelele zilikuwa kwa waliochukuliwa mapema kuliko yeye. Lakini alikuta nafasi tupu, akacheza karibu kila mpira, akaangusha 163, akaongoza ligi nzima akiwa chipukizi. Wa pili ni Zaire Franklin, chaguo la 235, raundi ya saba. Huyu alikaa miaka mitatu akifanya kazi za vikosi maalum. Mwaka 2022 mgongo wa Leonard ukakataa, Franklin akapewa nafasi kwa msimu mzima, akaangusha 167, idadi iliyopita rekodi ya klabu aliyoweka Leonard mwenyewe. Mwaka uliofuata akafika 179, na mnamo Novemba Colts wakamwachilia Leonard. (Tuseme haki: msimu wa 2018 ulikuwa wa mechi 16, na siku hizi ni 17.)

Nafasi ile ile, timu ile ile, miangusho karibu ile ile. Shamba lililomlisha aliyetangulia likamlisha na aliyefuata.

Na shamba lina hila zake. Miangusho haihesabiwi na mashine. Huandikwa na wahesabu wa uwanja wa nyumbani, na wengine wana mkono mwepesi wa kugawa ile ya kusaidiana. Lainbeka wa klabu ambayo washambuliaji wake hawakai na mpira hupata kazi nyingi, kwa hiyo timu mbovu si lazima iwe balaa kwako. Umri nao unakimbia. Mkataba wa kwanza ni wa miaka minne, na klabu nyingi hazioni uchungu kumwacha lainbeka ukiisha. Devin Bush alichukuliwa wa 10 na Pittsburgh mwaka 2019 baada ya klabu kupanda juu kumfuata, akaangusha 109 msimu wa kwanza, goti likakatika Oktoba 2020, na kufikia 2023 alikuwa kwingine. Aliyemuuza baada ya ule msimu wa kwanza alivuna. Mimi sikumuuza.

Kwa sababu hiyo chaguo langu la kwanza silitumii kwa lainbeka hata akisifiwa vipi. Nasubiri raundi ya pili au ya tatu, na mara nyingi natafuta waliochukuliwa katika raundi ya pili ya NFL na kuwekwa mahali palipo wazi.

Mechi za Jumapili huanza saa mbili usiku kwetu, ikifika Novemba saa tatu, na ile ya Jumatatu huanza saa tisa na robo, usiku wa kuamkia Jumanne, Lanet yote imelala isipokuwa mbwa. Saa hizo ndizo binamu yangu hupenda kupiga simu. Mwaka 2020 nilimwacha Zaire Franklin ili nipate nafasi ya mchezaji mwenye kasi ya kutisha, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu bado linaniuma. Binamu akamwokota bila kulipa kitu. "Kaka," aliniuliza usiku ule Franklin alipovunja rekodi, "ile kasi yako imefika wapi?"