Karo ya kwenye barua sio bili yako

Wacha nikwambie vile nilitoka chuo. Sikufeli mtihani, wala hakuna mtu alinifukuza. Mwaka wa pili ulianza nikakaa nikingoja pesa ya mkopo iingie kama mwaka wa kwanza. Haikuingia. Nilidhani ukishaomba mara moja umemaliza hadi ugradueti. Kumbe mkopo wa HELB unaombwa kila mwaka! Nilipojua, muda wa kuomba ulikuwa umepita, karo imenisimamia kichwani, na baba kule Lodwar alikuwa ameshauza mbuzi wa kutosha. Nikafunga begi.

Siku hizi matokeo ya KCSE yakitoka, simu yangu hujaa meseji za vijana wa Lodwar na Kakuma. "Bro, barua inasema laki mbili. Sisi hatuna." Wengi hata hawajafungua tovuti ya kuomba ufadhili na washakata tamaa. Manze, hiyo ndiyo huniuma.

Hiyo laki mbili ni gharama ya kozi. Wewe hulipi yote. Mfumo ulioanza 2023 unaigawa mara tatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB, na kile ambacho nyumbani watatoa. Kwa mgao uliotangazwa 2024 kuna bendi tano. Ukiwa bendi ya 1, serikali inabeba asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Ukiwa bendi ya 5 ni 30, 30, na nyumbani 40. Sasa piga hesabu na hiyo laki mbili: mmoja nyumbani kwao wanatafuta 10,000 na mwenzake anatafuta 80,000. Kozi ni ile ile, na pengine wanakaa dawati moja.

Ndiyo, najua kulikuwa na kesi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, kisha 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, so mambo yakaendelea. Halafu Agosti 2025 serikali ikatangaza karo ya vyuo vikuu vya umma inashuka kuanzia Septemba. Kwa hivyo usipige hesabu na barua ya kakako ya 2023. Soma yako.

Bendi inatoka wapi? Inatoka kwa majibu yako. Fomu inauliza kuhusu wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, unatoka eneo gani, unasomea nini. Na hapa ndipo watu wetu wanaumia, kwa sababu wengi wanajaziwa na kijana wa saiba aliye na foleni ya watu ishirini. Anakuuliza, "Baba anafanya nini?" Unasema mfugaji. Anaandika, anaenda swali lingine. Hajakuuliza mnasoma wangapi kwenu. Hajakuuliza kama mzazi mmoja alifariki na cheti cha kifo kiko wapi. Hajakuuliza nani alikulipia sekondari. Hilo la mwisho usilipite. Wengi wetu tulisomeshwa na kanisa au shirika fulani kwenye shule nzuri ya bweni. Usipoweka barua ya aliyekufadhili, mtu wa Nairobi akiangalia jina la shule ataona familia yenye pesa. Na kama mifugo iliisha kwa ukame ule wa kati ya 2020 na 2023, usijibu kana kwamba bado iko zizini.

Ukipewa bendi isiyokufaa, kuna rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo ya ufadhili. Watu hawaitumii, wananung'unika tu WhatsApp.

Jambo lingine. Ufadhili wa serikali ni wa waliopelekwa na KUCCPS kwenye vyuo vya umma. Ukiingia chuo kikuu cha kibinafsi unaweza kuomba mkopo, lakini ile sehemu isiyorudishwa huipati. Na si lazima digrii. Digrii inataka C+, diploma C-, cheti D, na chini ya hapo kuna kozi za ufundi. Vyuo vya kiufundi vya umma viliwekewa gharama ya shilingi 67,189 kwa mwaka mfumo ulipoanza, na HELB inakopesha huko pia. Kama kwenu ni Lodwar, Turkana University College iko hapo hapo mjini. Kulala kwa mathe ni kodi ya nyumba umeokoa.

Basari ya NG-CDF na ya kaunti? Omba zote, beba barua ya chuo na ya chifu, lakini usizitegemee kulipa kila kitu.

Ukitoka Lodwar kilomita kama 120 hivi unafika Kakuma, na huko swali linabadilika. Mwenyeji wa Turkana Magharibi anafuata njia hii niliyoeleza. Jirani yake wa kambini, aliyefanya KCSE ile ile, hawezi, kwa sababu HELB inataka kitambulisho cha Mkenya. Mkimbizi njia zake ni zingine. Kuna DAFI ya UNHCR, iliyoanza 1992, mwaka ule ule kambi ilifunguliwa. Usiwe umepita miaka 30 unapoanza masomo. Kuna WUSC, inayopeleka wanafunzi wakimbizi Canada tangu 1978. Zote mbili, ulizia ofisi ya Windle. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, sitakudanganya. Kwa ufundi, Don Bosco wako pale pale Kakuma.

Mimi? Mkopo wa mwaka wa kwanza bado ni deni langu, na riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Safari hii nataka diploma, karibu na nyumbani. Karatasi ziko kwa bahasha ya kaki juu ya kabati: cheti changu cha kuzaliwa, barua ya waliokuwa wananilipia sekondari, kopi ya kitambulisho cha mathe. Kinachobaki ni kitambulisho cha baba. Alikipoteza akihamisha mifugo, na Jumatatu tunaenda naye kwa chifu.