Bamba la Usumba Mbele ya Mchunguzi wa Hataza

Boti za faiba sasa ni jambo la kawaida katika madiko ya Pemba, na anayeitazama moja kwa nje huona ganda moja laini lililopakwa rangi. Ukikata kipande cha ubavu wake utakuta matabaka: jelikoti kwa nje, chini yake mkeka wa nyuzi za kioo zilizotawanyika ovyo, pengine kitambaa cha kioo kilichofumwa, halafu mkeka tena, vyote vimeshikwa na rezini ya poliesta iliyokwisha kuwa ngumu. Fundi hutandaza hayo juu ya kalibu moja baada ya jingine, akilowesha kwa brashi na kupitisha rola ili atoe mapovu ya hewa. Povu likibaki humo ndani, hapo ndipo matabaka yatakapoanza kubanduka.

Tuseme fundi mmoja wa Wete amechoka kusubiri mikeka ya kioo inayokuja kwa meli, na huku makumbi ya nazi yamejaa uani kwake. Anautoa mkeka wa kati, anatia usumba uliochambuliwa na kutandazwa vizuri, kisha anafunika kwa kioo kama kawaida. Bamba linalotoka ni jepesi kidogo, gharama imeshuka, na ukiligonga halionyeshi tofauti kubwa na la zamani. Anataka hataza. Fundi huyu nimemtunga, lakini shida yake ni ya kila anayebuni vitu vya matabaka, awe Pemba au Stuttgart. Kwa jinsi wazo lake lilivyo hapo, naamini atanyimwa.

La kwanza la kufahamu ni kwamba mchunguzi haletewi boti. Analetewa maandishi, na ndani ya maandishi hayo anaanzia kwenye madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile ambacho mwombaji anataka wengine wakatazwe kukitengeneza. Dai la fundi wetu lingeweza kusomeka hivi: bamba lenye matabaka mawili ya nje ya nyuzi za kioo na tabaka la kati la usumba, yote yakiwa yameshikanishwa kwa rezini ya poliesta. Kinachopimwa ni sentensi hiyo. Miaka aliyohangaika, jasho lake, hata boti yenyewe ikiwa inakwenda Tanga na kurudi bila tatizo, hayo hayamo katika mizani.

Zanzibar ina sheria yake ya mali za ubunifu wa viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili unasimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Hataza si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya 1987 na wakala wake, BRELA, kwa hiyo aliyesajili Unguja asidhani kwamba amejikinga na mtengenezaji wa Pangani, ingawa mkondo unaowatenganisha huvukwa na mashua kila siku. Juu ya hayo lipo shirika la kikanda la ARIPO lenye makao Harare, ambalo kwa mujibu wa Itifaki ya Harare ya 1982 hupokea ombi moja kwa ajili ya nchi kadhaa na kulifanyia uchunguzi wa kina. Popote anapokwenda mwombaji, masharti makuu ni yale yale matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Hili la tatu halimsumbui mtengeneza boti. Mawili ya kwanza ndiyo yenye kazi.

Kujua kama kitu ni kipya, mchunguzi anatafuta. Hataza duniani zimepangwa kwa alama za kimataifa, na vitu vya matabaka vina kabati lao linaloitwa B32B. Plastiki zilizotiwa nyuzi za kuimarisha zinakaa C08J 5/04, namna ya kuzifinyanga kwenye kalibu iko B29C 70, na vyombo vya baharini viko B63B. Mchunguzi anafungua makabati hayo yote, kisha anaingia kwenye majarida ya kisayansi. Ombi la fundi wetu halitachukua muda mrefu kabla ya kupata mwenzake. Mwaka 1983 watafiti watatu wa Trivandrum, katika jimbo la Kerala, Prasad, Pavithran na Rohatgi, walichapisha utafiti wa kuuosha usumba kwa magadi makali ya kostiki ili ushikane vyema na rezini ya poliesta. Kerala ni nchi ya minazi kama Pemba, na huko usumba ulikwishaingia maabara zamani.

Hata hivyo, ripoti hiyo peke yake haiui dai la fundi. Kanuni ya upya ni kali, na ukali wake safari hii unamfaa mwombaji: lazima waraka mmoja, peke yake, uwe na kila kilichotajwa kwenye dai. Ikiwa waraka wa 1983 unazungumzia usumba na poliesta bila kusema kioo juu na kioo chini, basi bamba letu bado ni jipya kisheria. Waombaji wengi hufurahi wakifika hapa na kudhani safari imekwisha.

Kwenye hatua ya kivumbuzi mchunguzi anaruhusiwa kuunganisha nyaraka. Anajiuliza: mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hii, akiwa na waraka huu mkononi na tatizo hili mbele yake, je, angefika pale alipofika mwombaji bila kuhitaji akili ya ziada? Katika vitu vya matabaka swali hili ni gumu kuliko kwingine, kwa sababu karibu kila kiungo ni cha zamani. Mbao nyembamba zilizogandishwa nyuzi zikipishana zilipewa hataza Marekani mwaka 1865 kwa jina la John Mayo. Kuosha nyuzi za mmea kwa kostiki kuna hataza ya John Mercer ya Uingereza ya mwaka 1850. Katika miaka ya 1930 Norman de Bruyne alitengeneza bamba la nyuzi za kitani na rezini kwa ajili ya ndege. Nyuzi za kioo zenyewe zinatengenezwa viwandani tangu miaka hiyo hiyo. Mwombaji anakuja na mpangilio tu, na mpangilio ndio unaotakiwa kubeba mzigo wote.

Basi tuutazame mpangilio wa fundi. Bamba likikunjwa, upande mmoja wa nje unavutwa na wa pili unabanwa, na katikati nguvu hizo ni ndogo. Kila mhandisi anafundishwa hili mapema: kilicho imara kiweke nje, kilicho hafifu au chepesi kiweke ndani. Nyuzi za kioo zina ukakamavu wa gigapaskali 70 hivi, na usumba haufiki 10. Uzito nao unatofautiana, maana kioo kina gramu 2.5 hivi kwa sentimita ya ujazo na usumba una kama nusu yake. Aliyeelewa namba hizi angeuweka usumba katikati bila kufikiri mara mbili. Barua ya mchunguzi itasema hivyo, kwa lugha kavu kuliko yangu, itataja waraka wa Kerala na kitabu kimoja cha uhandisi, na itampa mwombaji muda wa kujibu.

Majibu ninayoyaona yakishindwa mara nyingi ni yale ya kusifu. Bidhaa ni rafiki wa mazingira, malighafi ni ya hapa, wavuvi wameipenda. Yote yanaweza kuwa kweli na hakuna hata moja linalojibu swali. Jibu lenye nguvu ni la kuonyesha kwamba matokeo yamekwenda kinyume na yalivyotarajiwa na wenye fani. Udhaifu unaojulikana wa nyuzi za mmea ndani ya plastiki ni maji: zinafyonza, zinavimba, zinaachana na rezini, na baada ya muda bamba linakuwa kama kitabu kilicholowa. Ikiwa bamba la fundi, baada ya kukaa baharini miezi kadhaa, limefyonza maji kiasi kile kile cha bamba la kioo kitupu, hapo mchunguzi atakaa kitako asome tena, maana hakuna aliyetegemea hivyo.

Lakini lazima lipimwe, na lipimwe na mwenzake. Bamba la usumba na bamba la kioo, unene mmoja, rezini moja, fundi mmoja, siku moja ya kumimina. Kwa kukunja kipo kipimo cha kimataifa ISO 14125, na kwa kufyonza maji kipo ISO 62. Bila bamba la kulinganisha, jedwali hata liwe zuri namna gani halimwambii mchunguzi kitu. Vilevile dai lisivuke vipimo. Aliyejaribu usumba wa asilimia 20 na 25 ya uzito asidai asilimia 5 hadi 60, kwa sababu ataulizwa alijuaje kwamba ajabu yake inatokea pia kwenye asilimia 6. Kudai kingi ndiyo tamaa kubwa ya mawakili wa hataza, na bili hulipwa na mteja.

Sasa tuje kwenye makumbi, na hapa Pemba ina jambo lake. Usumba wa huku haukwanyuliwi kwa mashine kutoka kwenye kumbi kavu. Wanawake huyafukia makumbi kwenye tope la pwani, mahali panapojaa na kupwa, huyagandamiza kwa mawe, na huyaacha humo kwa miezi. Yakifukuliwa yana harufu ambayo asiyezoea hasimami karibu. Hupondwa kwa gongo, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikasokotwa kamba. Tuseme siri ya bamba letu iko hapo: tope limekula kile kinachounganisha nyuzi, na nyuzi zilizobaki zinapokea rezini vizuri zaidi. Mwombaji atavutiwa kuandika dai la bamba lenye usumba uliofukiwa kwenye tope la bahari.

Dai la namna hiyo linateleza. Kitu hakiwi kipya kwa sababu tu kimetengenezwa kwa njia nyingine, na mchunguzi anataka kujua njia hiyo imeacha alama gani ndani ya kitu chenyewe. Kama usumba wa topeni na usumba ulioloweshwa kwenye pipa hautofautishwi hata kwa darubini, dai la bamba linaanguka, na mwombaji anabaki na dai la njia ya kutengeneza. Hilo nalo lina kasoro zake, kwa maana kumshika anayeifuata njia hiyo kwa siri ni kazi ngumu. Na kufukia makumbi hakukuvumbuliwa na fundi huyu.

Tusiondoke kabla ya kuzungumzia ufuo wenyewe, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa bila kujua. Boti iliyofungwa gatini inaonyesha umbo lake kwa kila apitaye, hivyo umbo limekwishatolewa hadharani. Matabaka ya ndani hayaonekani, na yanaweza kuhesabiwa kuwa bado ni siri. Boti ikiuzwa mambo hubadilika. Bodi ya juu ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilishasema katika uamuzi wake G 1/92 kwamba muundo wa bidhaa iliyo mikononi mwa umma ni sehemu ya ujuzi uliotangulia ikiwa mwenye fani anaweza kuichambua na kuitengeneza tena. Mnunuzi ana haki ya kukata ubavu wa boti yake kwa msumeno, na haijalishi kama hakufanya hivyo. Picha ya bamba lililokatwa, ikirushwa kwenye kundi la mtandaoni au kuwekwa mezani katika maonesho ya biashara kabla ya ombi kuwasilishwa, inaweza kumrudia na kumchoma yule yule aliyeipiga. Ukitaka kuonyesha watu, tangulia kuwasilisha. Chini ya Mkataba wa Paris una miezi 12 ya kupeleka ombi nchi nyingine ukiwa na tarehe ile ile ya kwanza. Na kama matokeo ya maji hayakupatikana, ARIPO inatoa ulinzi wa miaka 10 kwa modeli ya matumizi, ambayo haidai hatua ya kivumbuzi. Kwa mafundi wetu wengi naiona inafaa kuliko hataza kamili, japo haina jina kubwa.

Linabaki la upande wa pili: mtu wa mbali akija kuchukua makumbi ya topeni na kuyafanya madai yake. Mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 chini ya WIPO, shirika la kimataifa la mali za ubunifu, unataka mwombaji ataje asili ya rasilimali za viumbe na ujuzi wa jadi aliouegemea. Ni hatua, ila meno yake ni mafupi, kwa sababu mkataba huo huo unakataza hataza kufutwa kwa sababu tu ya kutotaja, isipokuwa palipokuwa na nia ya udanganyifu. Kinachozuia hataza mbovu bado ni ujuzi uliotangulia ambao mchunguzi anaweza kuushika mkononi. India iliijua dawa ya manjano tangu kale, lakini hataza ya manjano iliyotolewa Marekani mwaka 1995 ilifutwa 1997 baada ya taasisi yake ya utafiti kupeleka maandishi.

Maandishi hayo hayahitaji kuwa ya jarida kubwa. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika shauri la Hall, ilikubali kwamba tasnifu moja ya udaktari iliyowekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ikaorodheshwa na kuwa wazi kwa wasomaji, ilitosha kuangusha ombi. Lugha yake haikuwa hoja. Mwanafunzi wa chuo chetu akiandika kwa Kiswahili namna makumbi yanavyofukiwa, muda wake, aina ya tope, na nyuzi zinavyotoka, akiambatanisha vipimo, na mkutubi akaiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya maktaba na kupiga muhuri wa tarehe, kuanzia siku hiyo mchunguzi wa Harare au wa Munich ana cha kumwandikia mwombaji.