Hadithi ya Mwanao Ndani ya Simu ya Mwalimu

Akina mama wengi wakisikia simu na shule vikitajwa pamoja, mara hukunja uso. Wana sababu. Simu mkononi mwa mtoto imeleta matatizo katika nyumba nyingi, na katika shule zetu za Tanzania wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nayo. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo simujanja ya mwalimu, moja tu kwa darasa zima, inaweza kuifanya vizuri: kumsaidia mtoto kusimulia hadithi kwa sauti yake mwenyewe. Ni kazi njema, lakini inahitaji jicho la mama.

Ilianzia wapi?

Njia hii huitwa usimulizi wa kidijitali. Ilipata umbo lake Marekani, katika jimbo la California, ambako Dana Atchley na Joe Lambert walikuwa miongoni mwa waliowafundisha watu wa kawaida kutengeneza filamu fupi za maisha yao. Mwaka 1994 Lambert na wenzake walifungua kituo cha kazi hiyo San Francisco. Siku zile ilihitajika kompyuta ya bei kubwa. Leo kamera, kinasa sauti na programu ya kuunganisha picha vyote vimo ndani ya simu moja, na kazi yenyewe yaweza kufanyika bila intaneti.

Hufanyikaje darasani?

Kwanza watoto huketi duara na kusimuliana, kama tulivyoketi sisi kwa bibi tukiitikia "Pakawa!" Kila mtoto huchagua jambo moja dogo: siku mbuzi alipopotea, safari ya kwanza ya basi, au ngano aliyoipata kwa babu. Kisha huiandika kwa ufupi, isizidi ukurasa mmoja. Huchora picha tano au sita, na mwalimu huzipiga picha kwa simu. Baada ya hapo mtoto husoma hadithi yake mahali penye utulivu huku simu ikirekodi. Mwisho picha na sauti huunganishwa, ikapatikana filamu ya dakika mbili au tatu ambayo darasa zima hutazama.

Faida yake haimo katika simu. Imo katika maandalizi. Mtoto anayejua kwamba sauti yake itarekodiwa husoma maneno yaleyale mara nne, mara tano, bila kusukumwa. Akijisikia amekwama, huomba kurudia. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kusimama mbele ya wenzake, hupata nafasi ya kusema mbele ya watu wawili tu. Na yule ambaye mwandiko wake ni wa shida huonyesha kwamba kichwani mwake mmejaa mambo.

Mama aangalie nini?

Sisi wauguzi tulifundishwa chuoni kwamba habari za mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Hazipelekwi sokoni, hata zikiwa za kusisimua. Hadithi ya mtoto nayo ni hivyo hivyo. Tuseme mwalimu amewaambia watoto wasimulie juu ya nyumbani, na binti wa miaka tisa akaeleza, kwa uwazi wa kitoto, kwamba mama anakunywa dawa za siri kila usiku. Darasani ni maneno ya dakika moja. Ikitumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kabla ya jua kuzama mtaa mzima unajua, na hakuna awezaye kuirudisha.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, usikatae kazi hii, bali nenda kwa mwalimu kwa heshima umwulize mambo manne.

Je, wazazi wameombwa ridhaa kabla ya kurekodi? Si adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sauti na sura ya mtoto ni taarifa zake.

Je, filamu itabaki wapi? Iliyo bora hutazamwa darasani, ikahifadhiwa na shule. Isiposambazwa, haiwezi kupotea njiani.

Je, uso wa mtoto utaonekana? Michoro yatosha. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye jina la shule humwonyesha mtu mbaya mahali pa kumpata.

Je, mtoto anaruhusiwa kukataa, au kuomba hadithi yake ifutwe? Akisema hapana, basi ni hapana.

Hadithi ikifichua maumivu

Wakati mwingine mtoto huanza na mbuzi akaishia kwenye jambo zito: kipigo, njaa, au mtu mzima anayemshika vibaya. Hapo simu izimwe. Mwalimu amsikilize mtoto bila kumkemea na bila kumhoji kama polisi, asimwahidi kwamba atanyamaza, kisha awaone watu wa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya zote zina namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, na kuipiga ni bure. Wewe mama pia uijue, uwafundishe na watoto.

Anza nyumbani

Huhitaji kungoja shule. Jioni moja, baada ya chakula, mwambie mwanao amwombe bibi ngano moja. Mwombe bibi ruhusa, kisha rekodi kwa simu yako, mtoto akichora huku anasikiliza. Usiitume popote. Iweke. Bibi hatakuwa nasi siku zote, na ipo siku mwanao atatamani sana kuisikia sauti ile tena.