Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira Anapotapika

Mgonjwa wa saratani akirudi nyumbani baada ya mionzi, sisi jamaa hudhani magumu yamekwisha. Lakini wako wanaorudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, wakiwa bado hawawezi kumeza. Koo lililopigwa mionzi huuma, na saratani ya umio huziba njia ya chakula. Hao huwekewa mpira wa kulishia, puani au tumboni.

Hapa Misigiri, sisi wa kikundi cha akina mama wa kanisa tulimtembelea mama mmoja mwenye mpira wa tumboni. Tulimkuta amekonda na binti yake analia. "Kila nikimlisha anatapika. Sasa ananiambia niache tu, apumzike."

Tulimwomba atuonyeshe anavyomlisha. Mama alikuwa amelala chali. Binti alisukuma karibu nusu lita ya uji kwa dakika chache, awahi shambani. Alikuwa ametia mafuta ya alizeti mengi, maana Singida alizeti ipo, na alitaka mama apate nguvu. Ulikuwa upendo, ila wenye haraka.

Tuliyobadilisha

Kwanza, tulimwegemeza kwa mito akae, na akabaki hivyo saa nzima baada ya kula. Anayelishwa amelala anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni.

Pili, tulipunguza kipimo hadi mililita 200 kila baada ya saa tatu mchana, kikishuka polepole kwa dakika 20 hadi 30. Wako alioandikiwa kipimo hospitali afuate hicho.

Tatu, uji wa ulezi ulipikwa mwepesi kwa maziwa, ukachujwa, ukawa vuguvugu. Mafuta yalibaki kijiko kimoja cha chai, kwa kuwa yakizidi huongeza kichefuchefu. Uji uliokaa zaidi ya saa mbili haukutumika tena.

Nne, dawa ya kichefuchefu aliyopewa hospitali ilitangulia chakula kwa nusu saa, ikapitishwa peke yake, wala si ndani ya uji.

Usafi wa mpira

Nawa mikono kwa sabuni. Pitisha mililita 30 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kabla na baada ya chakula na dawa. Mpira ukiziba, jaribu maji ya vuguvugu taratibu. Usichokoe kwa waya. Msafishe kinywa kila siku, hata kama hali kwa mdomo.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Acha kulisha mara moja akikohoa au akihema kwa shida. Mpeleke pia akitapika mfululizo, tumbo likivimba, asipopata choo, au penye mpira pakitoa usaha. Mpira wa tumboni ukichomoka, nenda saa hiyo hiyo, kwa sababu tundu huanza kuziba baada ya saa chache. Wa puani ukisogea, usiurudishe mwenyewe.

Yule mama hakuacha kutapika siku hiyo. Alipungukiwa kidogo kidogo, na wiki ya pili aliomba atolewe nje, akae kivulini na wajukuu. Binti sasa hulisha akiwa ameketi, wakizungumza. Shamba hulimwa baadaye.

Ndugu zetu, kabla hatujasema mgonjwa amekataa chakula, tutazame kwanza mikono yetu inavyomlisha.