Kasuku aliyeninyima maneno

Waswahili husema kwamba ndege mwigo hana mazoea. Kamusi hutueleza kuwa mwigo ni aina ya njiwa mkubwa wa porini, lakini wanafunzi wangu, kila niitajapo methali hii darasani, husikia ndani yake kitenzi "kuiga" na kudhani kwamba anayesemwa ni kasuku. Nimewasahihisha kwa miaka mingi. Siku hizi nawasahihisha kwa sauti ya chini zaidi, maana ninaye kasuku nyumbani, na kwa muda wa miezi kadhaa niliona kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili yake na yangu.

Jina lake ni Sudi. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa jamii ambayo makao yake ya asili ni misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi msitu wa Kakamega hapa kwetu, ambako wamesalia wachache mno. Nilimrithi kutoka kwa mzee mmoja tuliyefundisha pamoja Nairobi. Kasuku wa aina hii akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo si ajabu akamzika mtu anayemfuga. Mzee alipofariki, nilishughulikia kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nikamleta ndege Lodwar nilikohamia kikazi. Baada ya mwaka mmoja tukawa tumezoeana. Kila nilipofungua dirisha asubuhi, Sudi alibisha "Hodi!" kisha akajijibu mwenyewe, "Karibu!" Neno la kwanza alilitamka kwa sauti ya marehemu rafiki yangu, la pili kwa sauti yangu.

Mazoea hayo niliyavunja kwa mikono yangu. Mwezi wa Januari mwaka 2023 nilitakiwa kwenda Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, kufundisha walimu kwa mihula miwili. Gari lilifika alfajiri, na dereva, kama wasafiri wote wa Turkana, alitaka tutangulie kabla ya jua kuwa kali. Sudi akakataa kuingia katika kizimba kidogo cha safari. Nilimbembeleza kidogo, nikatazama saa, kisha nikachukua taulo, nikamfunika, nikamkamata kwa mikono miwili na kumsukumia ndani huku akipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia. Kazi yote haikuchukua hata dakika mbili. Kibali cha kumfuga na cha kumsafirisha nilikuwa navyo mfukoni. Nilichokosa ni kibali cha ndege mwenyewe.

Tulipofika Kakuma, Sudi alikuwa bubu. Nilipokaribia kizimba alibana manyoya mwilini, akaegemea nyuma, akanguruma. Mboni za macho yake ya manjano zilipanuka na kusinyaa kwa kasi. Nilipouingiza mkono aliniuma hadi mfupani. Baada ya majuma mawili akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Daktari wa mifugo niliyemwita alimpima kwanza, kwa sababu kunyonyoka huweza kuwa dalili ya maradhi, kisha akaniambia kwamba mwili wa ndege haukuwa na kasoro aliyoweza kuiona. Lililobaki nililijua mwenyewe.

Makosa niliyoyafanya baada ya hapo ni ya kila mwenye mamlaka aliyepoteza imani ya aliye chini yake. Kwanza nilimhonga: nilijaza bakuli mbegu za alizeti, naye akala nilipoondoka, akaendelea kuniuma niliporudi. Pili nilivaa glavu nene, nikathibitisha kwamba mkono wangu ni silaha. Tatu, na hili ndilo linaloniaibisha mimi mwalimu wa lugha, nilikaa mbele ya kizimba nikarudia "Hodi, hodi, hodi" kila jioni, kana kwamba kasoro ilikuwa katika kumbukumbu yake. Nilitaka neno, hasa lile la sauti ya mzee, kabla ya kuuliza kwa nini limeondoka.

Aliyenizindua ni mmoja wa wanafunzi wangu, kijana mkimbizi kutoka upande wa Kisangani, ambako kasuku hawa si wageni. Alikuja kuleta kazi yake, akamtazama Sudi kwa muda, akasema, "Mwalimu, huyu ndege hakusahau maneno. Anakunyima." Kisha, bila kubadili sauti, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alipofika kambini alikaa karibu mwaka mzima bila kujibu swali darasani. "Majibu nilikuwa nayo," akasema.

Maneno hayo yalinirudisha katika sarufi. Kutokana na shina moja la Kiarabu tumepata amani, imani, amana, na uaminifu. Amana ni mali ya mtu mwingine uliyokabidhiwa, ambayo mwenyewe anaweza kuidai na kuichukua wakati wowote. Imani ya kiumbe mwingine ni amana ya namna hiyo. Tazama pia viambishi vyetu: Kiswahili kinaturuhusu kusema "kuaminisha", kana kwamba mtu mmoja aweza kumfanyizia mwingine imani. Katika nyumba yangu kauli hiyo haikuwa na maana yoyote. Kilichowezekana ni "kuaminiana", na kauli hiyo ya kutendana haiwezi kuwa na mtenda mmoja.

Yafaa tuelewe maumbile ya ndege huyu. Kasuku huwindwa na vipanga. Si mwindaji kama mbwa au paka. Mbwa aliyekemewa asubuhi aweza kumlaki bwana wake jioni. Kwa kasuku, kitu kinachomjia ghafula kutoka juu ni kucha za kipanga, hata kikiwa ni taulo mkononi mwa rafiki. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kasuku ana kumbukumbu ndefu.

Fauka ya hayo, ana akili. Dakta Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua kasuku wa kijivu katika duka moja mjini Chicago mwaka 1977, akamwita Alex, akamfundisha hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alitaja vitu, rangi na maumbo, akahesabu hadi sita. Alijua kusema hapana, na alipochoka na maswali aliomba arudishwe mahali pake. Njia ya kumfundisha haikuwa kumkaririsha. Watu wawili walizungumza mbele yake juu ya kitu fulani, mmoja akiuliza na mwingine akijibu na kupewa kitu hicho, hadi ndege akatamani kuingia katika mazungumzo. Na mwaka 2020 watafiti Désirée Brucks na Auguste von Bayern walichapisha uchunguzi uliowaonyesha kasuku wa kijivu wakiwapitishia wenzao vijipande vya kubadilishia chakula, ilhali wao wenyewe hawakupata chochote wakati huo. Kiumbe anayejua kutoa namna hiyo anajua pia kunyima.

Basi nikaanza upya. Niliweka kiti mbali, nikakisogeza hadi mahali ambapo Sudi angeendelea kula nikiwapo. Mahali hapo palikuwa hatua tano kutoka kizimbani, na hatua hizo tano zilinichukua majuma sita. Nilikaa upande, bila kumkazia macho, nikasoma insha za wanafunzi kwa sauti ya chini, saa ile ile kila jioni. Kila nilipopita karibu niliangusha mbegu moja ya alizeti katika kikombe chake na kuendelea na safari yangu. Chakula chake cha kawaida hakikupunguzwa, maana kumtia mtu njaa ili akupende si mapenzi. Niliziondoa tu mbegu za alizeti bakulini, zikawa zawadi. Nilimpa mboga na matunda, isipokuwa parachichi, ambalo ni sumu kwa kasuku kama ilivyo chokoleti. Kwa sababu ya joto la Kakuma nilimnyunyizia maji kila asubuhi, kwa mbali, naye alipojitenga niliacha.

Kisha nikaleta kijiti. Akikigusa kwa mdomo hupata mbegu. Asipokigusa hakuna lolote baya linalotokea. Hili la pili ndilo somo lenyewe. Akiegemea nyuma, mkono wangu hurudi nyuma. Dakika tatu zikitimia tunafunga, hata kama anataka kuendelea. Aliponiuma, na aliniuma mara tatu zaidi, sikupiga kelele wala kumkung'uta. Nilijiuliza ni ishara gani aliyoitoa kabla ya meno yangu ya kuona kuishika. Kuuma kwa kasuku ni neno la mwisho la sentensi ndefu, na mara nyingi sisi husikia neno hilo tu.

Yule kijana alinisaidia kwa njia ya Pepperberg. Alikaa nami, nikampa kipande cha embe, akasema "Ahsante", nami nikajibu "Karibu". Kisha yeye akanipa. Sudi alitazama zamu hizo jioni nyingi, shingo ameinamisha. Mwezi wa Mei alishuka kwenye ubao wake, akasimama mkononi mwangu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, akarudi alikotoka. Hakusema neno.

Mtihani ulikuwa safari ya kurudi Lodwar mwezi wa Agosti. Kile kizimba kidogo nilikuwa nimekiweka wazi chumbani tangu Juni, kwanza mbali, kisha karibu, kipande cha embe kikiwa ndani. Siku ya safari nilimwomba dereva aje saa moja kabla ya wakati tuliohitaji. Sudi alisimama mlangoni mwa kizimba, akatazama ndani, akanitazama, akarudi nyuma. Dereva akashusha pumzi. Tukanywa chai. Mara ya tatu aliingia mwenyewe.

Yako maneno ambayo sina budi kuyasema kabla sijafunga. Makala haya si mwito wa kununua kasuku. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkutano wa CITES mjini Johannesburg mwaka 2016, ulioanza kutekelezwa Januari 2017, kwa sababu misitu ilikuwa ikimalizika ndege hawa. Hapa Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga ndege wa porini bila kibali. Ndege aliye katika miti ya kando ya Turkwel abaki huko. Nimeandika kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, tayari wanaye kiumbe aliyewaamini nao wakamwangusha.

Na kwa ajili ya walimu. Sisi Wakenya tumemtumia kasuku vibaya katika lugha. Ndiye yuko juu ya daftari zetu za shule, na ndiye tunayemsingizia mwanafunzi anapokariri bila kuelewa. Mwezi wa Septemba 1984, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, wafuate wimbo wake kama yeye alivyoufuata wa Mzee Kenyatta. Tangu hapo kasuku amekuwa kwetu nembo ya asiye na neno lake. Sudi amenifunza kinyume. Kasuku hasemi kwa kuamrishwa; husema na anaowaona kuwa wenzake.

Fimbo iliondolewa shuleni kisheria mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikakazia. Lakini taulo hutupwa kwa namna nyingi: kwa kejeli mbele ya darasa, kwa kumchagua anayetetemeka ajibu, kwa kukosa subira ya dakika mbili. Katika madarasa ya Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na inayowahifadhi leo zaidi ya watu laki mbili, wamo watoto waliokwisha kushikwa kwa nguvu na ulimwengu kabla hawajatufikia sisi. Mwanafunzi anaponyamaza, tusifanye haraka kuandika kwamba hajui. Huenda ananyima, na huenda ana sababu. Wala tusidhani kwamba pipi moja au neno tamu moja litalipa deni. Tukae hatua tano nyuma, saa ile ile kila siku, tumwachie haki ya kukataa bila kuadhibiwa, kwani ridhaa ya asiyeweza kukataa si ridhaa.

Manyoya ya kifuani mwa Sudi yameota tena, ingawa si yote. Taulo bado hulikimbia, nami silileti. Asubuhi moja, majuma machache baada ya kurejea Lodwar, nilikuwa nikifungua dirisha niliposikia nyuma yangu sauti ya mzee wangu, wazi kama zamani: "Hodi!" Nilisimama nikingoja ajijibu kama ilivyokuwa desturi yake. Hakujibu. Alikuwa akiningoja mimi.

"Karibu," nikasema.