Bakshishi Kilimani: Mia Tatu Yangu Iliishia kwa Nani?

Sahani zimeshaondolewa mezani, mhudumu ameleta kile kijitabu cheusi chenye bili ndani, na mteja anakuna kichwa: nimwachie ngapi?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Juzi nilikula chakula cha mchana na rafiki yangu katika mkahawa mmoja wa Kilimani hapa Nairobi, mojawapo ya zile nyumba za zamani zenye bustani ambazo hazijaangushwa kupisha maghorofa. Bili ilikuwa Sh3,540. Nikaingiza nambari ya tili kwenye simu, nikaongeza mia tatu juu, nikamtazama mhudumu kama mtu anayengoja kushukuriwa. Binti akausoma ujumbe wa M-Pesa, akainama kidogo: "Asante mzee, lakini hiyo imeingia kwa mdosi."

Kweli. Tili ni mfuko wa biashara. Shilingi ikishatumbukia humo haina tena jina la aliyekuletea maji, na kama itamfikia au la ni suala la hisani ya meneja. Tangu huduma ya Lipa na M-Pesa iingie madukani mwaka 2013, noti zimetoweka mezani, na pamoja nazo ile chenji ambayo mteja aliisukuma pembeni na kuondoka. Sisi tulioamini kwamba simu imerahisisha kila kitu hatukugundua kuwa imempokonya weita fungu lake.

Niliporudi nyumbani niliitoa risiti nikaisoma, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Katika ile 3,540, chakula chenyewe kilikuwa 3,000. VAT ya asilimia 16 ni 480. Halafu kuna 60, asilimia 2, iliyoandikwa kwa herufi tatu: CTL. Nimewasikia watu wazima, tena wenye shahada, wakisema hawaachi kitu kwa sababu "huduma tayari imekatwa kwenye risiti," huku wakizionyesha herufi hizo. Hiyo si ada ya huduma. Ni tozo ya utalii, inakwenda kwa Hazina ya Utalii, na ndiyo ambayo kwa miaka mingi imekigharimia Chuo cha Utalii kule Thika Road, kilichofunguliwa mwaka 1975. Kwa maneno mengine, ile sitini huenda ikamsomesha mhudumu wa kesho. Huyu wa leo haimpi hata nauli ya matatu namba 46 ya kurudi Kawangware.

Ada ya huduma yenyewe ipo, hasa katika hoteli kubwa na baadhi ya mikahawa, na huandikwa kwa mstari wake. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inaitambua kuwa ni malipo yanayosimama badala ya bakshishi, na inaisamehe kodi hiyo kwa masharti: isizidi asilimia 10 ya bei ya huduma, na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa mujibu wa makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri. Yasome tena masharti hayo. Mwajiri anayeitoza ada hiyo bila VAT kisha akaiweka mfukoni mwake, amekwenda kinyume na kile kilichomfanya asamehewe. Kwa hiyo ukiuona mstari huo, huna deni la bakshishi. Lakini hakuna ubaya kumuuliza mhudumu, bosi wake akiwa mbali, kama yeye huiona.

Ndugu zetu wanaotoka Marekani kila Desemba huja na desturi ya kule. Wanaacha asilimia 20 bila kupepesa macho, na mikahawa ya Kilimani huwasubiri kama mkulima anavyosubiri mvua za vuli. Hesabu yao ina sababu. Kwa sheria ya shirikisho kule, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogezwa tangu 1991, mradi bakshishi izibe pengo hadi kima cha chini cha kawaida. Majimbo kadhaa yamekataa mtindo huo, lakini penginepo mteja ndiye anayelipa sehemu kubwa ya mshahara. Ufaransa, kwa upande mwingine, huduma imo ndani ya bei, na chenji anayoiacha mtu ni ya upole tu.

Sheria yetu haina mshahara wa aina mbili. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimweka weita wa Nairobi kundi moja na mpishi, mchimba madini na utingo wa lori, kwa kima cha chini kisichofika Sh18,000 kwa mwezi, posho ya nyumba ikiwa kando. Kisheria basi, mshahara ni mzima hata usipoacha ndururu. Ila wengi wanaokuletea sahani hapa Kilimani ni vibarua wa siku, na elfu kumi na saba mjini Nairobi kila mtu anajua zinakwisha tarehe ngapi.

Nafikiri tunakuna kichwa kwa sababu jambo hili hatukulipa jina letu. Waswahili wa pwani hawakuwa wageni wa malipo ya shukrani, na kila moja lilijulikana mahali pake. Bwana harusi alitoa kifungua mlango, akatoa kiosha miguu, akatoa kipa mkono. Mwanagenzi alipohitimu ufundi alimpa fundi wake kilemba. Hakuna aliyeuliza ni asilimia ngapi, kwani mtaa mzima ulijua. Bakshishi tuliipata kutoka Kiajemi, ambako ina maana ya kitu kilichotolewa, na Nairobi haikuikumbatia sana. Huku watu husema tipu, au wanasema chai. Na hiyo chai ndiyo balaa, maana ni neno lilelile la askari wa barabarani. Tofauti wanayoijua wote ni kwamba chai ya askari hutangulia na ya weita hufuata.

Sasa ngapi? Kiwango kinachozungumzwa Nairobi ni asilimia 10 pale ulipokaa ukahudumiwa na hakuna ada ya huduma kwenye risiti. Mimi huikokotoa kwenye bei ya chakula kabla ya kodi, kwa kuwa sioni sababu ya kutoa bakshishi juu ya VAT: kwa bili yangu ile ni mia tatu, si 354. Kwa kahawa na keki, noti ya hamsini au mia inatosha. Kibandani, kwa mama anayepakua chapati na madondo karibu na soko la Toi, mwenye biashara ndiye mhudumu. Mwambie abaki na chenji, naye atakuongezea supu kesho. Na chakula kikichelewa, usimkate weita. Yeye hana jiko.

Lililobaki ni njia ya kuitoa, na hapa nina msimamo. Wengi sasa humwomba mhudumu nambari yake ya simu wamtumie. Ni rahisi, tena kutuma Sh100 au chini ya hapo hakuna ada. Lakini mfikirie binti wa miaka ishirini na miwili anayewapa wanaume kumi nambari yake kwa zamu moja. Mia mbili zinaingia saa tisa, saa nne usiku inaingia "mambo, umefika?" Akinyamaza, mteja anaudhika na kulalamika kwa meneja. Akijibu, amefungua mlango ambao hakuutaka. Kuna mikahawa iliyoweka sanduku la pamoja karibu na kaunta, fedha zikahesabiwa mbele ya wote na mpishi na mwosha vyombo wakapata chao. Pasipo na sanduku, mimi nimerudia noti. Nabeba mia mbilimbili chache kwenye mfuko wa shati, kama marehemu babu yangu alivyokuwa akienda harusini.

Ijumaa nilirudi kwenye mkahawa ule na mia tatu mkononi. Binti hakuwa zamu. Mwenzake alinisikiliza hadi mwisho, akafuta meza, akanyoosha mkono: "Niachie tu mzee, nitampa." Nikamtazama, naye akanitazama, tukacheka wote wawili. Nikamwachia.